Jumamosi Nzima na Siku Sita Mbovu

Kasoro ninayokusudia kuianika hapa inaitwa ujuaji. Sisemi ujuzi. Ujuzi nimeutafuta maisha yangu yote na bado naudai. Ujuaji ni ndugu yake wa kambo: anafanana naye sura, anavaa suti yake, ila hujibu kabla hajaulizwa, na akiulizwa asilolijua hupandisha sauti. Nimeuona kwa wakuu wa idara, nimeuona kwa wahadhiri, na nauona kwenu, vijana mnaoingia kazini na vyeti vitatu na simu mbili. Lakini mfano nitakaoutoa sikuuokota kwa mtu. Ni wangu mwenyewe. Niliutenda nikiwa na miaka zaidi ya ishirini kazini, nikiwa na kiti cha kuzunguka na kibao chenye jina langu mlangoni, na niliutenda juu ya mafaili saba.

Kwa wasionifahamu: nilikuwa fundi wa kompyuta, kisha mkuu wa kitengo cha kompyuta, katika chuo kimoja cha hapa Morogoro, hadi nilipostaafu kwa hiari nilipotimiza miaka hamsini na mitano. Sasa ninaishi upande wa Mzinga. Ninafuga kuku, ninasoma vitabu, na ninapokea wageni wa aina moja: kijana mwenye flashi mkononi na haya kidogo usoni.

"Shikamoo, mzee. Kuna faili halifunguki."

"Marahaba. Karibu chai. Nani alilifunga?"

"Kwa kweli sijui, mzee. Nilitumiwa tu."

Mlitumiwa. Kizazi kizima kimetumiwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtumaji jambo lolote. Mnaiuliza simu jinsi ya kupika ugali, mnaiuliza kama mvua itanyesha huku mawingu yamekaa juu ya Uluguru mbele ya macho yenu, lakini kumpigia mtu aliyefunga mzigo mkamwambia "ndugu yangu, uliufungaje?" mnaona ni kujidhalilisha. Msikasirike. Nitawaonyesha hivi punde kwamba ugonjwa huo niliugua kabla yenu, tena vibaya zaidi.

Kwanza niwape elimu kidogo, msije mkasema mzee aliwasimanga bure.

Nilipoanza kazi tulitumia diski laini, vibao vyembamba vya plastiki ambavyo kimoja hakiwezi kubeba hata picha moja ya simu zenu. Kazi kubwa tuliibana kwanza, kama mtu anavyokandamiza nguo ndani ya sanduku, na ikiwa bado haikuenea, programu iliikata vipande, kila kipande kikaenda kwenye diski yake. Aliyenifundisha kazi hiyo ni Bi. Zuhura, mtunza kumbukumbu wa chuo, mama aliyekuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na aliyekuwa akiutafuta huu wa kichwani kila asubuhi.

Siku moja nilipewa diski kumi na moja za ofisi ya mitihani. Zilikuwa zimeanguka, lebo zimebanduka, na hakuna aliyejua ipi inatangulia ipi. Nilizichanganya tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, jasho likinitoka. Bi. Zuhura akaja akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, zina ukubwa gani?"

"Zinalingana, Bi. Zuhura. Kumi zinalingana hadi baiti ya mwisho. Moja ndiyo ndogo. Nadhani imeharibika."

"Imeharibika! Hujawahi kwenda kwa fundi cherehani wewe? Ukikata jora mita mbili mbili, kipande cha mwisho kinatimia?"

"Hakitimii."

"Basi usimwite mgonjwa. Huyo ni mkia."

Kisha akanifundisha kufungua kila kipande kwa programu ya maandishi matupu na kutazama herufi za mwanzo kabisa. Ndani mtaona takataka tupu, alama zisizosomeka kama mtu amekalia kibodi, lakini mwanzoni kila aina ya kifurushi hujitambulisha. Kile cha zipu huanza na herufi P na K. Cha rar huanza na jina lake mwenyewe na alama ya mshangao, kana kwamba kimeshtuka kuonekana. Kipo kingine ambacho huanza na namba saba na herufi z. Sasa zingatieni: vipo vifurushi ambavyo kila kipande chake huvaa kitambulisho hicho, na vipo ambavyo hukatwa kwa kisu tu, kama mkate, na kitambulisho hubaki kwenye kipande cha kwanza peke yake. Vilivyobaki havina uso. Huwezi kuvisoma kimoja kimoja, wala hutakiwi. Unavipanga kwa zamu, unavipa namba mkiani, sifuri sifuri moja, sifuri sifuri mbili, kisha unamwambia msomaji wa vifurushi, ile programu ya kuvifungua, aanze na cha kwanza. Vingine atavifuata mwenyewe.

"Mambo ni matatu," alisema Bi. Zuhura. "Tazama ukubwa. Tazama mwanzo. Muulize aliyefunga. Hilo la kuuliza ndilo lililopaswa kuwa la kwanza, lakini ninyi wanaume mnapenda kuliacha mwisho, kwa hiyo nalitaja mwisho mlikute mkifika."

Nililifikia nikiwa na mvi. Sikilizeni.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Mzee mmoja mrefu, amevaa sweta juani, aliingia ofisini kwangu na mama wa makamo aliyebeba kikapu cha karoti.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamoo, Mwalimu."

Sikuwa ninamjua, lakini mtu anayesalimu hivyo huku akisahihisha kola yako kwa macho huwa ni mwalimu. Na kweli. Alikuwa Mwalimu Kolumbani, mstaafu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya katika parokia moja ya milimani, mbele ya Matombo. Aliyefuatana naye alikuwa katibu wa kwaya. Alibaki amesimama karibu na mlango ingawa nilimwonyesha kiti, akikitazama kibao chenye jina langu kama mtu anayepima kitambaa.

Mwalimu alikunjua leso, akatoa flashi.

"Haya ndiyo maisha yangu," alisema, bila kuongeza chumvi, kama anayetaja namba ya nyumba.

Alikuwa na daftari kumi na mbili za nyimbo alizotunga mwenyewe kwa nota za herufi, do, re, mi, na humo ndani ilikuwamo misa nzima ya sauti nne, kazi ya ujana wake. Upepo wa masika uliezua bati za stoo ya kwaya, na asubuhi walikuta daftari zimekuwa uji, wino wote umekwenda zake. Lakini mwaka uliotangulia Padre msaidizi alikuwa amepiga picha kurasa zote, akazibana, akamtumia katibu. Padre huyo alikwisha kwenda masomoni ng'ambo. Zilizobaki duniani zilikuwa ndani ya flashi ile.

"Sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu wetu msimamizi, ni baada ya wiki tatu," alisema Mwalimu. "Nimeomba tuimbe misa ile. Sauti ya kwanza kina mama wanayo vichwani. Ya pili wanayo nusu. Ya tatu na ya nne zilikuwa daftarini tu, maana waliokuwa wakiziimba wengine wamehama na wengine tumewazika."

"Huwezi kuzitunga tena, Mwalimu?"

"Nina miaka sabini na minane. Nikijaribu, ninatunga nyingine."

Niliichomeka flashi. Mafaili saba, bila mkia wowote wa kutambulisha aina yake, yakajipanga kwa alfabeti kama kompyuta inavyopenda: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano, Jumatatu.

Hapa ndipo mnapaswa kunicheka, na ninawaruhusu. Kwenye chuo chetu mimi mwenyewe nilikuwa nimebuni utaratibu wa kuhifadhi nakala kila siku. Kila usiku mashine ilitengeneza faili moja na kulipa jina la siku yake, na nilikuwa nimesifiwa kwa hilo kwenye vikao viwili. Kwa hiyo nilipoona siku saba, sikuona kazi ya mtu mwingine. Nilijiona mimi. Laiti yangekuwa hayana majina kabisa, ningeyatambua kabla chai haijapoa.

"Mtaalamu," katibu alianza kule mlangoni, "hayo majina mimi ndiye niliye..."

"Nimeyaona majina, mama. Ni nakala za kila siku. Hata hapa tunafanya hivyo."

"Eeh?"

"Ni utaratibu wa kitaalamu."

"Makubwa! Kumbe ni utaratibu." Alimtazama Mwalimu. "Namba ya Padre ninayo kwenye simu. Kule aliko sasa kutakuwa asubuhi. Tumpigie?"

"Haitakuwa na haja."

"Basi, Mwalimu, tukae kimya. Mtaalamu anafikiri."

Nilichukulia kwamba ananiheshimu.

Nilifikiri kwa siku kumi na mbili. Nilitazama ukubwa: sita yalilingana hadi baiti ya mwisho, la Ijumaa lilikuwa dogo. Je, nilimkumbuka fundi cherehani? Sikumkumbuka. Nilisema, bila shaka yanalingana, kwani ni daftari zilezile zilizonakiliwa kila siku. Na Ijumaa umeme ulikatika kabla kazi haijaisha. Nilitazama mwanzo: la Jumamosi lilianza na namba saba na herufi z, safi kabisa, mengine sita yalianza na takataka. Nikasema, virusi. Nililijaribu la Jumamosi, msomaji wa vifurushi akanijibu kwamba mwisho wa data haupo. Nikasema, hata hili virusi vimelila mkia. Nilikuwa na maelezo kwa kila ushahidi, na maelezo yote yalikuwa mazuri, yenye mantiki, yanayoweza kuandikwa kwenye taarifa. Hiyo ndiyo hatari ya ujuaji, wanangu. Mjinga hukwama na hukwama waziwazi, na watu humsaidia. Mjuaji hapungukiwi maelezo kamwe, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba amekwama, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Niliandika taarifa ya ukurasa mmoja. Kwa kuwa jambo lilikuwa zito niliona si ungwana kulisema kwa simu, nikapanda mlimani mwenyewe, na kompyuta yangu ya mkononi begani ili wakitaka ushahidi niwaonyeshe. Kutoka Matombo nilichukua bodaboda. Njia ile ilikuwa mawe na matope, na dereva alinishusha mara nne nitembee, akisema pikipiki inaniona mzito. Niliwasili nimepakwa udongo mwekundu hadi kwenye tai.

Kwaya ilikuwa mazoezini, katika chumba kilicho ubavuni mwa kanisa. Kina mama kumi na watano hivi, wazee wanne, vijana sita wa kiume wakiwa wamekaa benchi la nyuma bila kuimba. Baadaye nilielewa kwamba hao sita ndio waliokuwa wakisubiri sauti ya tatu na ya nne. Walikuwa wakija kila siku na kukaa, kwa sababu Mwalimu aliwaambia mtaalamu wa mjini anazileta.

Walinyamaza nilipoingia. Mwalimu Kolumbani alisimama.

"Umezipata?"

"Mwalimu, nimeandaa taarifa."

Alikaa tena, polepole, akaweka mikono juu ya magoti. Mtu aliyefundisha shule miaka arobaini anajua maana ya kujibiwa swali la ndiyo au siyo kwa neno "taarifa".

Nikafungua karatasi na kusoma, kwa sauti ya kikao.

"Mosi, faili la Jumamosi ni zima, lakini haliwezi kufunguka kwa kuwa limepoteza sehemu yake ya mwisho. Pili, faili la Jumapili limeharibiwa mwanzo wake na halitambuliki. Tatu, faili la Jumatatu limeharibiwa vivyo hivyo."

Benchi la kina mama lilitikisika. Mmoja alijifunika mdomo kwa khanga. Nilidhani analia, nikapunguza sauti kwa huruma.

"Nne, faili la Jumanne, vivyo hivyo. Tano, faili la Jumatano..."

Hapo waliangua kicheko. Si mmoja, si wawili. Kina mama wote, na hata mzee mmoja akagonga fimbo sakafuni. Vijana wa nyuma walitazamana. Nami nilisimama na karatasi yangu kama mwanafunzi aliyesahau shairi.

"Samahani," nilisema, "sijaelewa kinachochekesha. Mwalimu huyu amepoteza kazi ya maisha yake."

Katibu wa kwaya alikuwa amekaa mbele, daftari la mahudhurio mapajani. Hakuwa akicheka. Alikuwa akinitazama vile mama anavyomtazama mtoto aliyevaa shati nje ndani.

"Mtaalamu, rudia."

"Nirudie wapi?"

"Mwanzo. Polepole. Halafu safari hii, baba, na wewe usikilize."

Nikarudia. "Mosi, faili la Juma..."

Nikarudi mwanzo wa mstari kwa kidole.

Sijui kama mmewahi kusikia neno mlilolitamka maisha yenu yote likigeuka na kuwatazama usoni. Mosi, Jumamosi. Pili, Jumapili. Tatu, Jumatatu. Niliishika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, niliyoipitia mara tatu kwa ajili ya makosa ya tahajia, na jibu lilikuwa limeandikwa humo pembezoni, kwa mpangilio, kuanzia la kwanza hadi la saba.

"Si nakala za kila siku," nilisema.

"Nani alikwambia ni nakala za kila siku?"

"Ni vipande."

"Saba," alisema katibu. "Padre aliniambia, katibu, hivi ni vipande saba vya kitu kimoja, ukivuruga mpangilio umetumaliza. Vilikuja na majina marefu ya Kizungu na namba mkiani, na simu yangu ilikuwa inakata mikia, haionyeshi; zamu niliijua kwa kuwa alivituma kimoja baada ya kingine. Nikajiuliza, kitu gani ni saba, na hakuna mtu wa kwaya hii anayeweza kukikosea zamu? Sakramenti ni saba, lakini besi hawazijui zote."

"Tunazijua!" alisema mmoja wa vijana wa nyuma.

"Zitaje."

Kijana akatazama dirisha.

"Umeona? Nikachagua siku. Na ya kwanza inajisema yenyewe kwamba ni mosi."

Mwalimu Kolumbani alikuwa ameinuka bila mimi kumwona. "Lakini katibu," alisema, akijitahidi kuwa mkali, "kwa Kanisa juma huanza Dominika."

"Kwa Kanisa sawa, Mwalimu. Na kwa ofisi ya mtaalamu huanza Jumatatu. Mimi nililifuata neno."

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. Sikuuliza kwa ukali. Nilitaka kujua.

"Nilidhani unajua. Kila nilipofungua mdomo, ulikuwa unajua." Kisha akauliza, kana kwamba amekumbuka jambo dogo tu: "Kwenu ni wapi, mtaalamu?"

"Tabora."

"Mnyamwezi!"

Kwa wasiojua, Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani hana simile. Chumba kizima kilipata pumzi mpya.

"Yaani babu zako walibeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, wakipita hapahapa chini ya mlima wetu, na wewe umeshindwa na mzigo wa vipande saba? Tena umeletewa ofisini, kwenye kiti kinachozunguka?"

"Babu zangu," nilijibu, nikijikusanya, "waliomba njia kwa Waluguru, wakaelekezwa mtoni."

"Na nyinyi hamkuuliza mara ya pili. Ndiyo maana."

Nilivuta kiti, nikakaa.

Nikafungua kompyuta juu ya meza ya kwaya. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kiasi cha kuaibisha. Nilinakili mafaili yote kwanza, kwa maana hata katika fedheha fundi hagusi kitu cha asili. Hilo litieni akilini. Kisha nikayapa namba, katibu akinitajia na kwaya ikiitikia kama litania. Jumamosi, sifuri sifuri moja. Jumapili, sifuri sifuri mbili. Tulipofika Alhamisi nilisita, nikainua macho.

"Sita," walisema wote kwa pamoja, kwa upole wa kumtia mtu hasira.

Na Ijumaa, ile ndogo niliyoisingizia umeme, ikawa ya saba. Mkia. Bi. Zuhura alikuwa amestaafu miaka mingi, lakini nilihisi kama amesimama nyuma yangu na miwani yake miwili.

Nilimwelekeza msomaji wa vifurushi kwenye kipande cha kwanza na kubonyeza. Mstari wa kijani ulitembea, ukasita kama unafikiria, ukamaliza. Folda kumi na mbili. Nikafungua ya tano, aliyonitajia Mwalimu, na ukurasa wa kwanza ukatokea: karatasi ya mistari, mwandiko wa kalamu ya wino ulioinamia kulia, safu nne za herufi, sauti nne, moja juu ya nyingine.

Mwalimu Kolumbani aliisogelea mashine mpaka pua yake ikakaribia kioo. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alifuata kwa kidole safu ya chini kabisa, ile ya besi, na mahali fulani kidole kikasimama.

"Soma hapo," aliniambia. "Macho yangu hayafiki."

Pembeni mwa wimbo wa Mtakatifu, kwa wino mwekundu, palikuwa na maandishi madogo. Nikasoma: "Besi, msipayuke. Hapa mko mbinguni."

Wale wazee wanne walicheka, kisha hawakucheka. Mwalimu alifuta uso kwa ile leso aliyofungia flashi. "Walipayuka tu," alisema. "Kila mwaka." Halafu akageukia benchi la nyuma, na sauti ya ualimu ikamrudia yote. "Nyinyi sita! Mnakaa kama magunia kwa nini? Tuna siku tisa. Simameni!"

Jioni ile niliwaachia kompyuta yangu ili wanakili kurasa kwa mkono, nikashuka mlima bila hiyo, na nilirudi siku ya sikukuu. Sina ujuzi wa muziki wa kuwasimulia walivyoimba. Ninachoweza kusema ni kwamba walipofika kwenye Mtakatifu, vijana wa besi walipunguza sauti hata ukasikia ndege nje, na Mwalimu Kolumbani, aliyekuwa akiongoza kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kiti, alifumba macho.

Baada ya misa, kina mama wakigawa wali na ndizi uani, nilitoa kijitabu changu cha kazi. Kila kazi niliyowahi kuifanya niliiandika humo: tatizo, sababu, na aliyelitatua. Katika safu hiyo ya tatu, kwa miaka yote, kurasa kwa kurasa, palikuwa na jina langu. Niliandika tatizo: kifurushi cha vipande saba kisichotambuliwa. Kwenye sababu niliandika neno moja ambalo mnalijua tayari. Kisha nikafika safu ya tatu na kalamu ikasimama, kwa kuwa katika wiki zote hizo nilikuwa nimemwita mama, nimemwita katibu, na sikuwahi kumuuliza.

Nilimkuta kwenye sufuria la wali, mwiko mkononi.

"Samahani, katibu. Jina lako ni nani?"

Aliniangalia mimi, akaangalia kijitabu, akaangalia mimi tena.

"Leo unauliza?"

"Leo ninauliza."

"Haya, andika. Na uandike vizuri, usije ukakosea halafu ukasema ni virusi."

Nikaandika kama alivyonitajia, herufi kwa herufi, huku akichungulia begani kwangu kuhakikisha: Skolastika.